Mama anataka nivae tepe, mimi nataka kupima alama za matairi

SWALI

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia kutoka kaskazini-magharibi mwa Pennsylvania, Marekani. Mimi ni Mkongo, mzaliwa wa Fizi, lakini nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, ndiyo maana Kiswahili changu ni cha Kigoma kuliko cha nyumbani. Tulihamishiwa huku nikiwa na miaka 16. Nikamaliza shule, nikabeba maboksi ghalani, nikapata uraia, kisha nikaomba polisi wa jimbo. Nilipita chuo chao cha Hershey na sasa niko mwaka wa tano barabarani.

Kazi naipenda. Upande wetu vijiji vingi havina polisi wao wenyewe, kwa hiyo sisi ndio tunaoitwa kwa kila kitu: ajali, wizi, mume na mke wanaorushiana vyombo, ng'ombe waliovuka uzio na kulala katikati ya lami. Ila nimefika mahali sijui nielekee wapi.

Mtihani wa koplo unakaribia na sajenti wangu anasema nisiuache unipite. Wakati huohuo nimesikia kitengo cha kuchunguza ajali kubwa kitahitaji mtu. Mwaka jana, majira ya baridi, gari dogo liliingia chini ya trela kwenye barabara kuu. Nilisimamisha magari kwa saa nyingi huku nikimwangalia mtaalamu wa kitengo hicho akifanya kazi. Alikuwa anatembea ameinama, anapaka rangi kwenye lami kila alama ilipoanzia na ilipoishia, anarudi, anapiga magoti, anapima tena. Dereva wa trela alikuwa ametueleza hadithi moja, na alama zile zilieleza nyingine. Tangu siku hiyo kila nikifika kwenye ajali najikuta natazama lami kabla ya kutazama magari. Shuleni kambini hesabu ndizo zilizonibeba.

Mama anaishi Erie na hataki kusikia habari za kitengo. Anasema, "Miaka yote hii bado huna hata tepe moja begani, watu kanisani wananiuliza nikose la kujibu." Kwake askari asiye na cheo ni kibarua. Mke wangu anafanya zamu ya jioni kwenye nyumba ya wazee, tuna binti mdogo, na yeye anataka tu nilale nyumbani.

Kuna rafiki yangu kitengo cha mbwa anayenivuta niende kwao, anasema ndiyo kazi tamu kuliko zote. Halafu kuna hili la lugha. Ikitokea familia ya Kikongo au ya Kisomali Bantu inayoongea Kiswahili, naitwa mimi, hata nikiwa mbali. Sinung'uniki, ni watu wetu. Ila sijui kama linanisaidia au linanifanya niwe mkalimani mwenye bastola.

Nifanye lipi, Mjomba? Na nimwambieje mama?

Askari wa Theluji

JIBU

Marahaba, mpwa wangu. Nianze na mama, kwa sababu naona yeye ndiye aliyekushikisha kalamu.

Kule alikotoka, askari asiye na alama begani ndiye anayetumwa maji, ndiye ambaye mshahara wake unaishia mifukoni mwa wakubwa, na ndiye anayetangulizwa risasi zikianza. Cheo ni kinga. Akikuambia uvae tepe, nadhani anataka uwe salama, na kanisa ni kisingizio tu. Usimbishie kwa hasira.

Lakini polisi yenu ilijengwa kwa namna ambayo mama hawezi kuijua. Ilianzishwa 1905, miaka 3 baada ya mgomo mkubwa wa wachimba makaa ya mawe, ikiwa na watu 228 katika vikosi 4, wote wapanda farasi. Watu wa farasi walitosheka na vyeo vya kijeshi. Baadaye yakaja magari, maabara, helikopta, wategua mabomu, wapiga mbizi, na hakuna aliyebomoa mpangilio wa vyeo ili kuwapisha. Utaalamu ulipachikwa pembeni. Ndiyo maana leo mtu anaweza kuwa mpelelezi wa mauaji, au yule anayeitwa kusema moto uliounguza ghala uliwashwa na nani, huku kwenye karatasi cheo chake ni sawasawa na chako wewe unayesimamisha magari. Na koplo wa zamu anaweza kustaafu bila kuwahi kushika kesi kubwa hata moja.

Koplo hupanga nani aende wapi. Husoma ripoti za wenzake na kuwarudishia zikiwa na makosa. Askari wake akigonga gari la doria, au akitumia nguvu kumkamata mtu, yeye ndiye anayefika, anauliza, anaandika. Ni kazi ya kulea watu, na wapo walioumbiwa hiyo. Barua yako haina hata sentensi moja inayoonyesha una hamu nayo. Ina aya nzima kuhusu mtu aliyepiga magoti kwenye lami.

Kuna na hili la nafasi zenyewe. Cheo unakifuata kinapofunguka, na si lazima kifunguke pale ulipo. Kutoka Erie hadi Philadelphia ni zaidi ya maili 400 kwa barabara, na kote humo kuna vituo vyenu. Kabla hujafanya lolote, nenda kwa mwakilishi wa chama chenu cha askari ukamuulize mambo mawili: koplo wapya wa kikosi chako wamekuwa wakipelekwa wapi, na mtu aliyefaulu akikataa kituo alichopewa inakuwaje. Usimuulize sajenti wako maswali hayo. Ni mtu mwema, naona hivyo, lakini ana sababu zake za kutaka ufanye mtihani.

Sasa kitengo cha ajali. Wasomaji wengine mnivumilie, hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni kazi ambayo watu huiona kwa mbali tu wakiwa wamekwama kwenye foleni na kutukana.

Hesabu ya kwanza mnayofundishwa ni nyepesi. Chukua 30, zidisha kwa urefu wa alama za breki kwa futi, zidisha tena kwa msuguano wa barabara, kisha tafuta kipeuo cha pili. Alama za futi 120 kwenye lami kavu yenye msuguano wa 0.7 zinakupa 2,520, na kipeuo chake ni kama 50. Gari lilikuwa na maili 50 kwa saa angalau. Nasema angalau kwa sababu hesabu hiyo haijui kasi iliyobaki gari lilipogonga. Sasa zihamishie futi 120 hizohizo kwenye barafu yenye msuguano wa 0.1, unapata maili 19. Kwa hiyo anayefika kwenye ajali ya Januari na kutumia namba ya Julai anaweza kumfunga mtu asiye na hatia, au kumwachia muuaji. Kwenu kwenye theluji ya ziwani kuna jambo la kuongeza: alama yenyewe inafutika. Gari la kusukuma theluji likishapita, ushahidi umekwenda nalo mtaroni.

Kisha kuna vitu ndani ya gari. Kompyuta ya mifuko ya hewa kwenye magari mengi huhifadhi sekunde 5 za mwisho kabla ya kugonga: kasi, kama breki ilikanyagwa, kama mkanda ulifungwa. Sheria ya shirikisho ya 2015 inasema data hiyo ni ya mwenye gari, kwa hiyo hukai na kuchomeka waya tu. Unatafuta ridhaa au hati ya hakimu, na hati hiyo unaiandika mwenyewe. Kwenye magari ya zamani kuna hata balbu. Kama taa ilikuwa inawaka wakati wa kugongwa, uzi wake wa ndani ulikuwa wa moto na laini, hivyo hunyooka na kupindapinda. Kama ilikuwa imezimwa, uzi hukatika kavu. Dereva anaapa kwamba aliwasha taa, na balbu ndogo kuliko kidole gumba inamkana. Taa za LED zinaumaliza ujanja huo taratibu, nami nasikitika kidogo.

Mwisho wa yote ni kizimbani. Wakili wa utetezi anakuja na mhandisi wake aliyelipwa vizuri, na kazi yake ni kukuonyesha mbele ya jopo la raia wanaoamua kesi kwamba ulipima vibaya. Utaulizwa juu ya lafudhi yako bila neno lafudhi kutajwa, utaona mwenyewe. Anayesimama pale ni yule aliyeandika kila kipimo na kueleza kila alichokiacha. Kama ripoti zako za sasa hivi, za wizi wa baiskeli na ugomvi wa jirani, zinarudishwa na wino mwekundu, rekebisha hilo kwanza. Vitengo vyote vizuri huchagua watu kwa kusoma ripoti zao, na hakuna anayelisema hili kwenye sherehe za chuo.

Nakushauri uombe kitengo hicho. Mtihani wa koplo nao ufanye kama jibu la chama litakuruhusu kuufanya bila kujifunga, maana kusoma sheria na kanuni upya hakumdhuru mtu. Ila ukilazimika kuchagua, chagua lami. Kuna faida moja ya baadaye ambayo mama ataielewa. Kwenu mtu hulazimishwa kustaafu akifika miaka 60, na wengi huondoka mapema wakishatimiza 20 au 25 ya utumishi kwa sababu ya pensheni. Siku hiyo tepe za koplo unazirudisha stoo. Ithibati ya uchunguzi wa ajali, ile ya ACTAR, unaondoka nayo, na makampuni ya bima na mawakili wanawatafuta watu wa namna hiyo. Kwa haki ya upande wa pili, pensheni huhesabiwa kutokana na mshahara, na cheo huongeza mshahara. Keti na karatasi ukokotoe. Hesabu si zilikubeba?

Mke wako umempa mstari mmoja, na mstari huo ndio ulionitia wasiwasi. Kitengo cha ajali hakitakulaza nyumbani. Ajali zinazoua hupenda usiku na mwisho wa wiki, na simu italia saa 8 usiku wakati mke wako ndiyo kwanza amevua viatu. Wapelelezi wa makosa ya jinai nao huamshwa. Muulize yule mtaalamu uliyemwona: mnapokezana watu wangapi, eneo lenu linaishia wapi, na simu ikilia mtoto anabaki na nani? Swali la tatu ni la kwenu nyumbani, na mlijibu kabla hujaandika barua ya maombi. Kazi za saa za mchana zipo: kufundisha chuoni, kuajiri, kushughulika na jamii, hata ile ofisi inayofuatilia chuki za rangi na dini. Wakubwa wataiona sura yako na kufikiria bango la kuajiri vijana. Ukipewa mapema hivi, ninavyoona, ukatae kwa adabu. Askari anayetolewa barabarani kabla hajaiva huwa anarudi kwa shida, na vijana wa Kikongo wa Erie watakusikiliza zaidi ukiwa na kesi nyuma yako kuliko ukiwa na vipeperushi.

Jambo lingine la nyumbani: una binti mdogo. Kwenye kazi hii utapima mikanda ya viti vya watoto. Polisi yenu ina mpango wa askari kusaidiana kwa mazungumzo, na watu wa vitengo kama hiki wanautumia. Jua mlango wake uko wapi kabla hujauhitaji.

Kuhusu mbwa nitakuwa mfupi, na rafiki yako asinichukie. Mbwa wa polisi analala kwako, anakula kwako, na likizo zako zinapangwa kwa kumfikiria yeye. Hilo wengine wanalipenda. Kinachonifanya nisite ni sheria. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema huwezi kumchelewesha dereva uliyemsimamisha kwa kosa la barabarani ili tu mbwa aje anuse, pasipo sababu ya kumshuku. Mwaka 2020 mahakama ya juu ya Pennsylvania ikasema kupekua gari bila hati kunahitaji sababu ya kutosha pamoja na dharura, na 2021 ikaongeza kwamba harufu ya bangi peke yake haitoshi. Virginia ilipohalalisha bangi mwaka huohuo, polisi wa jimbo hilo waliwastaafisha mbwa 13 waliofundishwa kuinusa, kwa sababu mbwa hawezi kufundishwa kusahau. Mbwa wa kutafuta waliopotea, mabomu na wahalifu waliokimbia bado wana kazi. Lakini wewe hujaniambia unapenda mbwa. Umeniambia rafiki yako anapenda.

Na hili la Kiswahili. Kumtuliza mama aliyegongewa mtoto, kumuuliza dereva aliyebanwa anaumwa wapi, kujua nani mwenye kisu ndani ya nyumba: fanya, tena kimbia. Lakini mtu akishakuwa mshukiwa na inabidi asomewe haki zake na kuhojiwa, omba mkalimani aliyeidhinishwa. Ukihoji na kutafsiri wewe mwenyewe, unageuka shahidi wa kila neno, na wakili atauliza kwa nini Kiswahili cha Kigoma kilitumika kumhoji mtu wa Bukavu, au Mbantu wa Somalia ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili. Pennsylvania ina sheria ya wakalimani wa mahakamani tangu 2006, hivyo unachoomba si upendeleo. Ukimkuta mshukiwa mnasali naye kanisa moja, mwambie msimamizi wako papo hapo na uandike kwamba ulimwambia. Na kila unapoitwa kwa ajili ya lugha, weka kumbukumbu: tarehe, namba ya tukio, ulichofanya. Siku ya kuomba kitengo, kurasa hizo zitakusemea kuliko sifa za mdomo.

Nimepata barua nyingine za vijana wanaouliza jinsi ya kuingia, niwajibu hapahapa. Pennsylvania wanataka raia wa Marekani, mwenye miaka 21 na asiyefikisha 40 anapoingia chuoni, mwenye leseni ya gari. Lile sharti la krediti 60 za masomo ya chuo kikuu waliliondoa 2023. Aliyekuja kama mkimbizi huweza kuomba kadi ya kijani baada ya mwaka, na uraia baada ya miaka 5, kwa hiyo panga mapema. Na kabla ya kuchagua jimbo, angalia nani anapeleleza. Pennsylvania, New York na Michigan wapelelezi wamo humohumo kwenye polisi wa jimbo. Minnesota, Georgia na Tennessee upelelezi wa jimbo uko kwenye chombo kingine, na anayeingia polisi wa barabara kuu akitarajia kesi za mauaji ataona trela na theluji mpaka achoke. Nanyi madereva wa malori mnaonisoma mkiwa mmeegesha, mjue kwamba yule anayelala chini ya trela lako kukagua breki yuko kwenye ukaguzi wenye hatua 37, na ni kitengo chenye heshima. Mpwa wangu, nacho ukifikirie kama ajali hazitafunguka mwaka huu, maana atakayechunguza trela lililoua mtu lazima ajue breki zake zinavyofungwa.

Kwa mama, nenda siku ambayo hukuvaa sare. Mwambie kuna watu ambao hakimu huwanyamazisha wengine ili wao wasikilizwe, nawe unasomea kuwa mmoja wao. Kesi yako ya kwanza ikifika mahakamani, mchukue akakae nyuma asikilize. Mahakama ziko wazi kwa kila mtu, na watu wa kanisani wakimuuliza tena atakuwa na la kuwasimulia.

Na sajenti wako mwambie mwenyewe kwamba unaomba kitengo, wiki hii, kabla hajaambiwa na mtu mwingine.

Mjomba